Mpenzi Mwenye Ulemavu katika Riwaya ya Mahaba

Mada ya leo ni riwaya ya mahaba, na hasa ile ambayo mhusika wake mkuu, yaani yule anayependa na kupendwa, ni mtu mwenye ulemavu wa mwili. Swali litakaloyaongoza mazungumzo haya ni moja, nalo litarudiwa mara kadhaa ili lisipotee njiani: mwandishi anapompa mhusika mwenye ulemavu nafasi ya kupenda, je, humpa pia nafasi ya kuishi na upendo huo akiwa na mwili ule ule alio nao?

Kabla ya kuliingia swali hilo, ni vyema istilahi mbili zielezwe. Ya kwanza ni riwaya ya mahaba. Si kila riwaya yenye mapenzi ndani yake huitwa riwaya ya mahaba, kwa kuwa mapenzi hupatikana karibu katika kila aina ya hadithi, kuanzia za upelelezi hadi za siasa. Riwaya ya mahaba, kama inavyoelezwa hata na chama cha waandishi wa riwaya hizo kilichoundwa Marekani mwaka 1980, ina sifa mbili: mapenzi ya wahusika wakuu ndiyo yanayobeba msuko mzima wa hadithi, na mwisho wake humwachia msomaji matumaini na kuridhika. Katika uhakiki wa Kiswahili riwaya hizo huwekwa katika kundi la riwaya pendwa, yaani riwaya zinazoandikwa kwa ajili ya wasomaji wengi, kwa lugha nyepesi na kwa matukio yanayovuta hamu. Mazungumzo haya yatazitazama riwaya za aina hiyo, na pamoja nazo riwaya chache za zamani ambazo hazimo katika maana hiyo finyu, lakini ndizo zilizowarithisha waandishi waliofuata namna ya kumchora mpenzi mwenye ulemavu.

Istilahi ya pili ni ulemavu wenyewe. Kwa muda mrefu ulemavu ulitazamwa kama kasoro iliyomo mwilini mwa mtu, ambayo daktari hutazamiwa kuitibu, na akishindwa, jamaa hutazamiwa kuivumilia. Katika miaka ya 1970 watu wenye ulemavu nchini Uingereza walianza kuueleza upya, na mwaka 1983 Mike Oliver, msomi ambaye mwenyewe alitumia kiti cha magurudumu, aliyapa maelezo hayo jina la mtazamo wa kijamii wa ulemavu. Kwa mujibu wa mtazamo huo, hitilafu ya mwili, kwa mfano miguu isiyotembea, ni jambo moja, na ulemavu ni jambo la pili, kwa maana ulemavu ni vile vizuizi ambavyo jamii humwekea mwenye hitilafu hiyo: jengo lenye ngazi tupu, daladala isiyosimama, mwajiri asiyeisoma barua ya maombi hadi mwisho, na wazazi wanaoikataa posa kabla ya kumsikiliza mposaji. Msikilizaji na aishike tofauti hiyo, kwa sababu itamsaidia kutambua mahali ambapo mwandishi ameliweka tatizo la hadithi yake. Je, ameliweka katika mwili wa mhusika, au ameliweka katika dunia inayomzunguka?

Huenda pakaulizwa: kwa nini jambo hili lichukue muda wa redio, ilhali riwaya za mapenzi huhesabiwa na wengi kuwa ni za kupitishia wakati tu? Jibu linaanzia kwenye maisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban mtu mmoja kati ya kila watu sita duniani anaishi na ulemavu mkubwa, na watu hao, kama binadamu wengine wote, hupenda, hutamani, huoa na kuolewa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unaitambua haki hiyo waziwazi katika ibara yake ya 23, inayozungumzia ndoa, familia na uzazi kwa hiari kamili ya wanaooana. Sheria hiyo ni ya thamani kubwa, lakini sheria haiufundishi moyo kutamani, wala haiondoi mashaka ya wazee waliokaa barazani kuijadili posa. Mambo hayo hujengwa na hadithi. Kijana anayesoma riwaya nyingi ambamo kila shujaa ana mwili mkamilifu hujifunza, bila mtu yeyote kumfundisha, kwamba mahaba ni mali ya miili ya aina hiyo peke yake. Na kijana mwenye ulemavu anayezisoma riwaya hizo hizo hujifunza kwamba nafasi yake ni ya mtazamaji wa furaha za wengine. Kwa hiyo riwaya ya mahaba, hata inapochukuliwa kuwa burudani, ni shule inayofundisha ni nani anayestahili kupendwa.

Sasa mazungumzo yageukie vitabu vyenyewe. Ukizikusanya riwaya nyingi zenye mpenzi mwenye ulemavu, utaona kwamba waandishi wamekuwa wakipita katika njia chache zinazojirudia, na tatu kati ya hizo humnyima mhusika kile ambacho hadithi yenyewe ilikuwa imemwahidi. Njia ya kwanza ni kifo. Njia ya pili ni uponyaji. Njia ya tatu ni kumgeuza mhusika kuwa alama. Zitazamwe moja baada ya nyingine.

Njia ya kwanza, basi, ni kifo, na mfano wake mashuhuri zaidi ni Notre-Dame de Paris ya Victor Hugo, iliyochapishwa Ufaransa mwaka 1831. Quasimodo, mpiga kengele wa kanisa kuu la Paris, ana kibyongo, ana chongo, anachechemea, na kengele anazozipiga zimemtia uziwi. Anampenda Esmeralda, msichana aliyemletea maji siku alipokuwa akiadhibiwa hadharani na umati ukimzomea. Anamwokoa asinyongwe, anamficha kanisani, anamlinda, lakini macho ya Esmeralda yamemwelekea Phoebus, kapteni mwenye sura nzuri na moyo mwepesi. Mwishoni, Esmeralda anauawa, na Quasimodo anakwenda kulala kando ya maiti yake hadi naye anakufa, ndipo baadaye mifupa yao inapatikana imekumbatiana. Hugo alimhurumia sana mhusika wake na alimpa moyo mkubwa kuliko wa wahusika wote waliomzunguka, lakini hakumpa hata siku moja ya kupendwa akiwa hai. Kumbatio pekee alilomruhusu ni la kaburini.

Je, karibu karne mbili baadaye njia hiyo imeachwa? Mwaka 2012 mwandishi wa Uingereza Jojo Moyes alichapisha Me Before You, riwaya iliyouzwa mamilioni ya nakala na kutengenezewa filamu mwaka 2016. Will Traynor, mfanyabiashara tajiri na kijana, anagongwa na pikipiki na kupooza mikono na miguu. Louisa Clark, msichana wa familia yenye kipato kidogo, anaajiriwa kumhudumia. Na kadiri miezi inavyopita, wawili hao wanapendana. Hata hivyo Will amekwisha kuamua kwenda Uswisi, ambako sheria inaruhusu mtu asaidiwe kujiua, na mapenzi ya Louisa hayambadilishi nia. Anakufa, na anamwachia Louisa fedha za kuanzia maisha mapya. Filamu ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza London, watu wenye ulemavu walisimama nje kupinga, na hoja yao inastahili kurudiwa polepole. Will alikuwa na vitu ambavyo watu wengi wenye ulemavu hawana: alikuwa na fedha, nyumba iliyorekebishwa, wahudumu, wazazi waliompenda na mwanamke aliyemtaka. Ikiwa mtu mwenye hayo yote anaonyeshwa kwamba heri yake ni kifo, na ikiwa kifo hicho kinasimuliwa kuwa ndiyo zawadi kubwa kuliko zote aliyompa mpenzi wake, basi msomaji ambaye amepooza na hana hata robo ya mali hiyo anaambiwa nini kuhusu maisha yake? Wapo waliojibu kwamba Will ni mtu mmoja na uamuzi wake ni wa mtu mmoja. Jibu hilo lingekuwa na nguvu zaidi kama pangekuwa na riwaya nyingine nyingi, zenye umaarufu kama huo, ambamo mpenzi aliyepooza anaishi, anazeeka na kugombana na mkewe juu ya mambo ya kawaida ya nyumba.

Njia ya pili ni uponyaji, yaani mwandishi huona kwamba furaha haiwezi kukamilika mpaka mwili urudishwe ulivyokuwa. Hapa mfano ni Jane Eyre ya Charlotte Brontë, ya mwaka 1847, ambayo imewazaa warithi wengi kuliko pengine riwaya nyingine yoyote ya mapenzi katika lugha ya Kiingereza. Bwana Rochester, mwenye jumba na kiburi, anapoteza mkono mmoja na uwezo wa kuona katika moto ulioliteketeza jumba lake, na Jane anarudi kwake akiwa tayari ameshapata urithi wake mwenyewe. Jambo hilo la urithi ni muhimu, na wasomaji wengi hulipita upesi: Jane harudi kwa sababu hana pa kwenda, wala Rochester hampati kwa fedha, bali wawili hao wanakutana wakiwa huru, na Rochester anapoingiwa na wasiwasi kwamba Jane anajitoa mhanga kwa huruma, Jane anaukataa wasiwasi huo na kusisitiza kwamba anafuata furaha yake. Mpaka hapo Brontë amefanya jambo la kijasiri sana kwa wakati wake. Lakini baada ya miaka miwili ya ndoa, Rochester anaanza kuona tena kwa jicho moja, kiasi cha kuweza kumwona mwanawe wa kwanza anapopakatishwa. Msomaji hufurahi, na furaha hiyo ni halali, lakini swali linabaki: je, baba asiyeona hawezi kumpakata mwanawe na kuijua sura yake kwa vidole, na mwisho ukawa mwema vilevile?

Kwa bahati njema, swali hilo lilipata jibu katika karne ile ile. Mwaka 1872 Wilkie Collins, Mwingereza aliyejulikana kwa hadithi za mafumbo, alichapisha Poor Miss Finch. Lucilla Finch amekuwa haoni tangu utotoni, ana akili kali na maneno makali zaidi, na anampenda Oscar. Daktari bingwa anampasua macho, naye anaona, lakini kuona hakumletei furaha aliyoahidiwa. Kunamletea kuchanganyikiwa na kudanganywa na pacha wa mpenzi wake. Mwishoni upofu unarudi, Lucilla anaupokea kama mtu anayerudi nyumbani kwake, anaolewa na Oscar na kuzaa watoto. Riwaya hiyo ina visa vingine visivyoaminika kwa urahisi, lakini katika jambo hili Collins aliwatangulia wengi, kwa sababu alithubutu kuandika kwamba mwili wa mhusika wake haukuwa kizuizi kilichohitaji kuondolewa ndipo ndoa ipite.

Njia ya tatu ni kumgeuza mhusika kuwa alama, yaani ulemavu wake usimame badala ya jambo jingine ambalo mwandishi anataka kulisema. Mwaka 2000 wahakiki wawili wa Marekani, David Mitchell na Sharon Snyder, waliliita jambo hilo kiungo bandia cha masimulizi, wakiwa na maana kwamba hadithi huuegemea ulemavu kama vile mtu anavyouegemea mguu wa bandia: huutumia ili isonge mbele, huku maisha halisi ya mwenye ulemavu yakiachwa pembeni. Mfano mzuri ni Lady Chatterley's Lover ya D. H. Lawrence, ya mwaka 1928. Clifford Chatterley alijeruhiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, amepooza kuanzia kiunoni na anatumia kiti cha magurudumu. Mkewe, Connie, anampenda mtunza wanyamapori wa shamba lao. Lawrence aliutumia mwili wa Clifford kuonyesha ubaridi wa tabaka la matajiri na wa dunia ya viwanda, hata msomaji anaishia kuamini kwamba miguu isiyohisi ni ushahidi wa moyo usiohisi. Hapo ndipo pana hatari, kwa kuwa askari wengi walirudi kutoka vita ile wakiwa na miili kama ya Clifford, nao walirudi wakiwa na hamu, wivu, upole na ndoto za kawaida za wanaume wa umri wao, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichohitajika katika alama ya mwandishi.

Kwa hiyo, wasikilizaji, kabla ya kuendelea, yakumbukwe haya matatu. Kifo humwondoa mhusika. Uponyaji huuondoa ulemavu. Alama humwacha mhusika na ulemavu wake mahali pake, lakini humwondolea utu. Katika njia zote tatu, mtu na mwili wake na upendo wake hawaruhusiwi kukaa pamoja katika ukurasa wa mwisho.

Je, ipo njia ya nne? Ipo, na inaweza kuitwa njia ya kubaki. Mary Balogh, mwandishi mzaliwa wa Wales anayeishi Kanada, aliandika mfululizo wa riwaya saba kuhusu watu walioathiriwa na vita vya Napoleon waliopona pamoja katika jumba moja na kujenga urafiki wa kudumu. Katika The Arrangement, ya mwaka 2013, Vincent Hunt amepoteza uwezo wa kuona vitani akiwa bado kijana mdogo. Amerithi cheo na mali, lakini adui yake wa kwanza ni upendo wa mama na dada zake, wanaomshika mkono kila anapoinuka na wanaomchagulia hata mchumba. Anatoroka, anakutana na Sophia, yatima maskini anayeishi kwa jamaa wasiomjali, na wawili hao wanaoana kwa makubaliano kabla ya kupendana kwa dhati. Sophia hamponyi mumewe wala hamlilii, anafikiri. Anabuni njia za kumwezesha atembee mwenyewe katika shamba lake, kwa reli ya kushika na kwa mbwa aliyefunzwa kumwongoza. Vincent, kwa upande wake, anamrudishia Sophia thamani ambayo jamaa zake walikuwa wamemnyima. Hapo msomaji anaona msaada ukienda pande zote mbili, na anaona pia kwamba tatizo lililotatuliwa halikuwa macho ya Vincent. Lilikuwa njia isiyo na reli na familia isiyojua kuachia.

Mfano wa pili wa njia hii ni Get a Life, Chloe Brown ya Talia Hibbert, iliyochapishwa mwaka 2019. Chloe ni mwanamke mweusi wa Uingereza mwenye ugonjwa wa kudumu uitwao faibromayaljia, unaosababisha maumivu ya misuli na uchovu mkubwa, na ambao wengine hawauamini kwa kuwa hauonekani kwa macho. Marafiki na mchumba wake wa awali walimwacha alipougua. Anapendana na Red, mtunza jengo anakoishi, ambaye ni mchoraji na ana majeraha yake ya moyoni. Hadi mwisho Chloe haponi. Zipo siku anazoweza kutoka na siku anazoshindwa kuamka, na mapenzi yao yanajifunza kalenda hiyo. Lililo jema zaidi ni kwamba Chloe si malaika: ana majivuno, ana ulimi mkali, ana tamaa zake na hazionei haya.

Mfano huo wa Chloe unaleta jambo ambalo halipaswi kupitwa haraka, nalo ni tofauti kati ya mwanamume na mwanamke. Ukihesabu wapenzi wenye ulemavu katika riwaya maarufu za mahaba, utakuta wengi ni wanaume, na mara nyingi ni wanaume wenye mali au cheo: Rochester ana shamba, Will ana utajiri, Vincent ana cheo cha urithi. Kwa nini? Sababu moja ni kwamba jamii nyingi humpima mwanamume kwa alicho nacho na mwanamke kwa umbo lake na kwa kazi ya mikono yake nyumbani, kwa hiyo kovu la mwanamume linaweza kusomwa kama ushahidi wa ushujaa, ilhali kovu la mwanamke husomwa kama upungufu wa bidhaa. Katika Jane Eyre yenyewe tofauti hiyo imo ndani ya nyumba moja. Rochester anapopoteza mkono na macho, anapata mke. Bertha, mke wake wa kwanza, anapopatwa na maradhi ya akili, anafungiwa juu ya jumba, na kifo chake ndicho kinachoifungua njia ya ndoa mpya. Ndiyo maana Olive, riwaya ya Dinah Craik ya mwaka 1850, inastahili kukumbukwa. Olive amezaliwa na mgongo uliopinda, anakua akisikia kwamba mwanamke wa umbo lake asitazamie kupendwa, anakuwa mchoraji anayejipatia riziki kwa kazi yake, na hatimaye anaolewa na mwanamume anayempenda. Craik alimpa Olive kazi kabla ya kumpa mume, na utaratibu huo una busara ambayo bado haijazeeka.

Sasa mazungumzo yarudi nyumbani. Wanafunzi wengi wa sekondari nchini Tanzania wameisoma, kwa Kiingereza, riwaya ya Takadini ya Ben Hanson, iliyotoka mwaka 1997. Visa vyake vimewekwa Zimbabwe ya kale, na mhusika wake ni mtu mwenye ualbino, hali ambayo nchini Tanzania huhesabiwa miongoni mwa aina za ulemavu. Mama yake, Sekai, anatoroka naye akiwa mchanga kwa kuwa mila ya kijiji ilitaka mtoto wa namna hiyo asiishi. Madarasani riwaya hiyo hufundishwa zaidi kama hadithi ya mapenzi ya mama na ya kupinga mila potofu, na hivyo ni sawa. Lakini ndani yake mna pia mapenzi ya Takadini na Shingai, msichana anayemchagua yeye ingawa wapo wasiotaka, na sehemu hiyo inastahili kusomwa kwa uzito ule ule. Kuokoka kwa mtoto ni ushindi wa kwanza; ushindi wa pili ni mtoto huyo kukua, kutamaniwa na kuchaguliwa.

Kwa lugha ya Kiswahili, hazina ya visa vya aina hii iko tele, kwa sababu mapenzi katika jamii za Waswahili ni jambo la koo mbili kabla ya kuwa la watu wawili, na hivyo vizuizi vya kijamii vinaonekana waziwazi. Fikiria maswali yanayoulizwa mwanamke mwenye ulemavu anapoposwa: nani atampikia mume, nani atachota maji, watoto watazaliwa namna gani? Fikiria yale anayoulizwa mwanamume anayetembelea magongo: atamlisha nini binti wa watu? Fikiria mshenga anayeulizwa kwa sauti ya chini kama kijana amerogwa au amelazimishwa. Fikiria somo au kungwi anayemfunda bibi harusi anayetumia kiti cha magurudumu, na ujuzi atakaohitaji kuwa nao ili maneno yake yamfae mwari huyo na mwili wake. Katika kila swali kati ya hayo mna sura nzima ya riwaya, tena sura yenye kicheko, machozi na hasira, wala mwandishi hahitaji kubuni ajali wala muujiza ili hadithi isonge. Wahenga walisema hujafa hujaumbika, na msemo huo mara nyingi hutumiwa kumwonya anayecheka. Unaweza pia kumkumbusha mwandishi kwamba msomaji yeyote anaweza kuamka kesho akiwa na mwili mwingine, na kwamba atahitaji kuwa amekwisha kusoma mahali fulani kuwa mapenzi hayaishii hapo.

Basi mwandishi anayetaka kuifuata njia ya kubaki afanye nini? Mambo manne yanaweza kutajwa. La kwanza, aujue mwili wa mhusika wake kwa undani: mtu anayeendesha baiskeli ya magurudumu matatu kwa mikono hupata mabega na viganja vya namna yake, huchagua njia kwa kuangalia mchanga na mitaro, na huijua mvua kuliko mpita njia mwingine. La pili, ampe tamaa, na ampe mpenzi anayeitamani sura yake na mwili wake, kwa kuwa mhusika anayependwa kwa moyo wake mzuri tu bado hajapendwa kikamilifu. La tatu, ampe kasoro za tabia, ili awe mtu na asiwe funzo la uvumilivu kwa wengine. La nne, msaada uende pande zote mbili, na anayesaidia asigeuzwe mtakatifu, maana ndoa ya mtakatifu na mgonjwa si mahaba, ni zamu ya hospitali.

Kuna pia jambo la tano, ambalo halimhusu mwandishi peke yake. Watu wenye ulemavu wenyewe wanapaswa kuziandika na kuziigiza hadithi hizi. Mwaka 1987 Marlee Matlin, mwigizaji ambaye ni kiziwi, alipata tuzo ya Oscar kwa kuigiza mwanamke kiziwi katika filamu ya mapenzi, Children of a Lesser God. Katika filamu ya Me Before You, aliyeigiza kama Will ni mwigizaji asiye na ulemavu. Vilevile vitabu vinapaswa kuwafikia wale vinaowazungumzia. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 uliwekwa ili kurahisisha utoaji wa vitabu kwa nukta nundu, kwa sauti na kwa maandishi makubwa, na hakuna sababu ya riwaya za mahaba kuachwa nje kwa kudhaniwa kuwa msomaji asiyeona anahitaji vitabu vya shule na vya dini tu.

Wasikilizaji wapendwa, muda unakaribia kwisha, na swali la mwanzo sasa linaweza kujibiwa. Riwaya ya mahaba humtendea haki mhusika mwenye ulemavu pale inapomwacha hai, inapomwacha na mwili wake, inapomwacha kuwa mtu na si alama, na bado ikampa upendo wa kweli. Waandishi wa Kiswahili, watunzi wa tamthilia za redio na wahariri wa kurasa za hadithi magazetini, mnaombwa mziandike na kuzichapisha hadithi za namna hiyo, na mwalike kalamu za watu wenye ulemavu zitangulie. Nanyi wasomaji, kila mnapofunga kitabu cha mapenzi chenye mhusika wa aina hii, ulizeni: je, amebaki, au ameondolewa? Mkiona ameondolewa, mwandikieni mchapishaji mumwambie, kwa sababu wachapishaji huwasikiliza wanaonunua vitabu.